Habari za Sayyid Ahmad bin Sumeit: Sharia na Moyo

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, jueni, ndugu zangu, ya kuwa hapa Igogo wako watu wa namna mbili. Wa kwanza hukesha katika dhikri, na alfajiri humpita amelala; akionywa, hudai ya kuwa moyo wake umekwisha fika. Wa pili hakosi safu ya mbele, lakini akiuza dagaa mwaloni hupunja vipimo. Kila mmoja ameshika nusu, na nusu ya mtumbwi haimvushi mtu.

Basi nawaelezeni habari za mtu aliyeyashika yote mawili. Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka wa 1861. Baba yake alikuwa mwanachuoni na msafiri wa baharini, naye mwana ujanani alisafiri vile vile kwa biashara. Akaenda Hadhramaut kutafuta elimu, akashika njia ya wazee wake, tarika ya Alawiyya. Zama za Sultani Barghash aliwekwa kadhi Unguja; kisha akaondoka, akafika Istanbul, Misri na Makka. Aliporejea mwaka wa 1888 akawa kadhi tena, akahukumu na kusomesha mpaka mwisho wa umri wake.

Tazameni vitabu vyake viwili. Katika Al-Ibtihaj alieleza istilahi za Minhaj ya Imam Nawawi, ambayo ni nguzo ya fikihi yetu ya Kishafii. Katika Tuhfat al-Labib alisharihi kasida ya Sayyid Abdallah al-Haddad, bwana mkubwa wa njia ya Alawiyya. Kimoja ni cha hukumu, cha pili ni cha kusafisha moyo, na mkono ulioandika ni mmoja.

Maana kadhi huyajua maneno ya shahidi, hayajui yaliyomo moyoni mwake. Hapo sharia hukoma, na khofu ya Mungu ndiyo hulinda haki ya yatima. Walakini moyo usio na sharia haujui hata haki hiyo ni kiasi gani.

Alifariki tarehe 13 Shawwal 1343, yaani Mei 1925, akazikwa Unguja. Nami niandikaye nimewafunza watoto miaka mingi namna ya kutawadha, na mara nyingi nimesahau kuwafunza wanatawadha kwa ajili ya nani. Kosa hilo ni langu. Mola amrehemu Sayyid Ahmad, atusamehe sisi, atukusanyie yote mawili. Amin.