Allidina Visram na hesabu ya mzigo usiofika

KAMPALA. Kabla ya reli na malori, bidhaa za Pwani zilifika Kampala vichwani na mabegani mwa wapagazi. Mpagazi mmoja alibeba takriban kilo 30, na safari ilichukua kama miezi mitatu. Katika biashara hiyo ndimo Allidina Visram alimopata utajiri uliomfanya aitwe mfalme asiye na taji wa Uganda.

Visram alizaliwa Kutch, India, mwaka 1851. Akiwa na umri wa miaka 12 alifika Bagamoyo, akafanya kazi kwa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyeandaa misafara ya kwenda bara. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Visram aliishika biashara ya misafara na kuipanua hadi Uganda.

Nguo, ushanga na waya zilipanda. Pembe za ndovu zikateremka. Njiani kulikuwa na maradhi, njaa na wizi. Kila msafara ulitaka hesabu ya mzigo usiofika.

Chukua mfano wa mizigo 100, kila mmoja umegharimu rupia 90. Jumla ni rupia 9,000. Mizigo 10 ikipotea, wengi wataongeza bei kwa asilimia 10 na kuuza kila mzigo kwa rupia 99. Mizigo 90 italeta rupia 8,910, yaani hasara ya rupia 90. Bei ya kurudisha mtaji ni rupia 100 kwa mzigo, na faida huanzia juu ya hapo.

Watafiti wa maamuzi wamebaini kuwa mtu aliyezoea hesabu hayumbishwi sana na namna namba inavyotajwa. Akiambiwa mizigo 10 kati ya 100 imepotea, au 90 imefika, anajua ni habari ileile. Asiyezoea huogopa ya kwanza na kufurahia ya pili.

Hatari nyingine ilikuwa fedha yenyewe. Waganda walitumia simbi, na hadi leo neno ensimbi kwao ni fedha. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka kodi ya nyumba ya rupia 3, na mwaka 1901 serikali ikaacha kupokea simbi kwa kodi. Aliyekuwa ameweka akiba yake yote katika simbi aliona thamani yake ikiyeyuka.

Mwaka huohuo reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na mizigo ikavuka ziwa kwa meli. Visram alikuwa amekwisha kufungua maduka kando ya njia hiyo. Kufikia 1904 matawi yake yalizidi 30. Aliwapa wenye maduka madogo mali kauli, wakalipa baada ya kuuza. Hakutegemea bidhaa moja: alikuwa na viwanda vya soda, samani na mafuta ya kupikia, pamoja na mitambo ya kuchambua pamba. Pembe zikishuka bei, pamba ilikuwepo.

Mwaka 1916, baada ya safari ya Kongo, alipatwa na homa akafariki. Biashara yake haikudumu kwa ukubwa ule. Mwanawe Abdulrasul alijenga shule ya kumkumbuka mjini Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 1923. Bado ina jina lake, na watoto bado wanafundishwa hesabu humo.