Mwalimu Fourier na Mapezi ya Injini

Mwalimu wa shule ya msingi huko Nyakunguru, mkoani Mara, akitaka kufundisha jinsi joto linavyosafiri katika chuma, hana haja ya kungojea vifaa kutoka mjini. Na aitazame pikipiki iliyoegeshwa kivulini. Kwenye injini yake ataona vibamba vyembamba vilivyopangwa mfano wa mapezi ya samaki. Kazi ya mapezi hayo ni kulipokea joto la injini na kulikabidhi kwa hewa. Lakini kwa nini yawe mafupi, tena mengi? Aliyetuachia hesabu ya kulijibia swali hilo hakupata kuona pikipiki maishani mwake. Ni Mfaransa Joseph Fourier, na kwa kuwa alikuwa mwalimu kabla ya kupata cheo kingine chochote, tumeona inafaa wanachuo wayajue maisha yake.

Fourier alizaliwa mjini Auxerre tarehe 21 Machi, 1768. Baba yake alikuwa mshona nguo. Alipofikia umri wa miaka kama kumi, mtoto huyo alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili. Alisomeshwa katika shule ya watawa, na husimuliwa kwamba alikuwa akiokota masalia ya mishumaa mchana ili apate mwanga wa kufanyia hesabu usiku. Baadaye alirudi kufundisha katika shule hiyo hiyo.

Mapinduzi ya Ufaransa yalimtia gerezani mwaka 1794, wakati ambapo wengi waliofungwa walikatwa vichwa. Aliokolewa na kuanguka kwa Robespierre mwezi Julai mwaka ule. Mwaka 1795 aliingia katika chuo kipya cha ualimu cha Paris, na miongoni mwa wakufunzi wake walikuwamo Lagrange na Laplace, magwiji wa hisabati wa siku zile. Tuyakumbuke majina hayo mawili. Mwaka 1798 alifuatana na Napoleon kwenda Misri, akawa katibu wa taasisi ya wanasayansi iliyoanzishwa Kairo. Aliporejea, alipewa kazi ya utawala mjini Grenoble mwaka 1802, na ni huko, kati ya mafaili na mabwawa ya kukaushwa, ndiko alikoshughulika na joto.

Alianza na kitu cha kushikika: ufito wa chuma uliopashwa moto upande mmoja. Joto linaingia shinani na kusonga mbele, lakini njiani linavuja ubavuni na kuingia hewani. Baada ya muda hali hutulia. Fourier alionyesha kwamba, katika ufito mrefu, kwa kila hatua iliyo sawa, joto linalozidi lile la hewa hupungua kwa uwiano ule ule. Tuseme shinani limezidi kwa digrii 80. Kama hatua moja mbele limezidi kwa 40, basi hatua ya pili litazidi kwa 20, na ya tatu kwa 10.

Hiyo ndiyo hesabu ya pezi. Ncha ya pezi refu mno inakaribia kuwa na ubaridi wa hewa yenyewe, kwa hiyo haitoi kitu. Ni madini yaliyopotea bure. Afadhali madini hayo yagawanywe yawe mapezi mengi mafupi. Hata hivyo yasibanane, kwani hewa iliyo kati yake itapata joto na kukosa njia. Tena inafaa pezi liwe nene shinani, ambapo joto lote hupita, na jembamba kuelekea ncha. Harper na Brown wa Marekani waliikokotoa habari hii mwaka 1922 kwa ajili ya injini zinazopozwa kwa hewa, na mwaka 1926 Mjerumani Ernst Schmidt akaeleza umbo linalotoa joto jingi kwa madini machache.

Fourier mwenyewe hakusikilizwa mapema. Alipowasilisha maandishi yake mwaka 1807, miongoni mwa waliokaa kuyapima walikuwa Lagrange na Laplace, wakufunzi wake wa zamani. Lagrange hasa aliyapinga, nayo hayakuchapwa. Alipata tuzo mwaka 1812, lakini pamoja na lawama kwamba uthibitisho wake una mapengo, na kwa haki lawama hiyo haikuwa ya uongo. Kitabu chake kilitoka mwaka 1822, miaka 15 baada ya maandishi ya kwanza. Alifariki Paris tarehe 16 Mei, 1830.

Darasani, kabla ya kuwapeleka watoto kwenye pikipiki (iliyokwisha poa), tunapendekeza waya mnene wenye matone ya nta yaliyopangwa kwa nafasi sawa. Mwalimu ashike ncha moja kwa kitambaa, nyingine aiweke motoni. Matone ya karibu yataanguka upesi, yanayofuata kwa kuchelewa, na ya mwisho huenda yasianguke kabisa. Hapo watoto waulizwe: kama waya huu ungekuwa pezi, tungeukata wapi?