Seyyid Barghash na maji ya mji wetu

Ndugu zangu wa nyumbani, tuliokulia Unguja mjini tunamjua Seyyid Barghash kwa Beit al-Ajaib. Mwaka huu kamati imeniomba niandike habari zake kwa sababu tunachangia pampu na mabomba, na nilipoanza kusoma nikaona kwamba jengo lile ndilo dogo katika aliyotuachia.

Alizaliwa mwaka 1837, mtoto wa Seyyid Said bin Sultan. Baba alipofariki mwaka 1856, kiti cha Unguja kilikwenda kwa kaka yake Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua, akisaidiwa na baadhi ya ndugu zake, akiwamo dada yake Seyyida Salme. Jaribio lilivunjwa kwa msaada wa jeshi la majini la Uingereza, naye akapelekwa uhamishoni Bombay kwa muda wa miaka 2.

Mimi nadhani adhabu ile ilitufaa sisi. Mwaka 1860, wakati yeye yuko kule, Bombay ilikamilisha mradi wa kuleta maji ya bomba kutoka ziwa la Vihar lililo nje ya mji. Kijana wa kifalme aliyezoea maji ya mtungi aliishi katika mji uliokuwa unabadilika mbele ya macho yake.

Kwetu hali ilikuwa mbaya. Watu walikunywa maji ya visima vilivyochimbwa karibu na vyoo na makaburi. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu mjini na mashamba. Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akarithi mji uliokuwa bado kwenye msiba. Kabla hajakaa sawa, Aprili 1872 kimbunga kikazamisha merikebu zake na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata, kwa shinikizo la Waingereza, akatia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga soko lao. Tusifiche: mapato ya serikali yake yalitokana na karafuu zilizochumwa na watumwa, na pembe za ndovu kutoka bara. Fedha iliyoleta maji ilikuwa na jasho la watu ambao hawakulipwa.

Mwaka 1875 alizuru Uingereza na kujionea viwanda na mitambo. Katika utawala wake aliagiza vyombo vingi: meli za mvuke, mtambo wa chapa, na baadaye umeme katika Beit al-Ajaib iliyojengwa 1883. Katika hivyo mna jambo ambalo mhasibu hawezi kulipita. Meli ya Glasgow, iliyoundwa Scotland na kufika hapa 1878, iligharimu zaidi ya pauni 32,000. Inasemekana haikumvutia alipoiona. Ilikaa bandarini ikiwa imetia nanga, miaka nenda miaka rudi, mpaka ikazamishwa katika vita vya Agosti 1896. Hebu fikirieni gharama ya mabaharia, makaa na rangi kwa chombo kisichokwenda popote.

Mradi wa maji ulikuwa kinyume chake. Maji safi yalichukuliwa kwenye chemchemi za kaskazini mwa mji, yakapitishwa kwenye mfereji na mabomba mpaka mjini, na wananchi wakateka bila malipo. Hapakuwa na fahari ya kuwaonyesha mabalozi, kwa kuwa bomba hufukiwa chini. Lakini mwanamke aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda kisimani alilijua, na mgonjwa alilijua.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya uchungu. Kuanzia 1885 Wajerumani walijitwalia nchi za bara, na mwaka 1886 mataifa ya Ulaya yakakubaliana kumwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Afya nayo ilimwacha. Alikwenda Oman kutafuta nafuu kwenye chemchemi za maji moto, akarudi, na akafariki Machi 1888, hajatimiza miaka 52. Meli na ardhi aliyoitawala vilikwenda kwa wengine. Mji uliendelea kunywa.

Maji ya bure yana mlipaji wake, na kwa Barghash mlipaji alikuwa hazina ya mfalme. Sisi hatuna hazina hiyo. Ndiyo maana katika makisio yaliyo kwenye ukurasa unaofuata mtaona, chini ya bei ya pampu, mstari wa vipuri, umeme na posho ya fundi kwa miaka 3. Baadhi ya wajumbe walitaka uondolewe ili jumla ionekane ndogo. Nimeomba ubaki, na fomu ya ahadi imepangwa hivyo: nusu ya mchango wako ni ya kununua, nusu ni ya kutunza.