William Willis: Mvumbuzi aliyeziepusha picha na kufifia

WATU wengi waliopigwa picha katikati ya karne ya 19 walishuhudia sura zao zikigeuka manjano na kufifia kabla wao wenyewe hawajazeeka. Picha za zama hizo zilichapwa kwa chumvi za madini ya fedha, nayo hewa chafu ya mijini ikazila polepole.

Aliyejitwika jukumu la kutafuta tiba ni Mwingereza William Willis, aliyezaliwa mwaka wa 1841 katika jimbo la Cornwall. Uvumbuzi ulikuwa wa nyumbani, kwani mwaka wa 1864 babake alibuni mbinu ya kunakili michoro ya wahandisi. Baada ya kufanya kazi ya uhandisi na ya benki jijini Birmingham, Willis alijiunga na mzee wake.

Chaguo lake lilikuwa platinamu, madini ambayo hewa haiyaozeshi. Karatasi ilipakwa chumvi ya chuma pamoja na ya platinamu, kisha ikaanikwa kwenye mwanga. Mwanga uliibadilisha ile ya chuma, lakini picha ilibaki hafifu mno.

Hapo ndipo dawa ya kusafishia picha ilipokuwa na uzito. Chuma kilichoguswa na mwanga hakiyeyuki katika maji matupu, na bila kuyeyuka hakiwezi kuigeuza platinamu. Willis aliteua oksaleti ya potasiamu. Karatasi ilipogusana na dawa hiyo, chuma kiliyeyuka na papo hapo platinamu nyeusi ikajikita katika nyuzi za karatasi. Masalio ya chuma yaliondolewa kwa maji yenye asidi.

Alipata hataza ya kwanza mwaka wa 1873, ila karatasi yake bado ilihitaji chumvi ya fedha. Hakuridhika. Baada ya hataza nyingine mbili, za 1878 na 1880, platinamu ilisimama peke yake. Kampuni yake, Platinotype Company, ilianzishwa London mwaka wa 1879, na mwaka wa 1881 chama cha wapigapicha wa Uingereza kikamtuza nishani.

Mwanzoni dawa ililazimu kuchemshwa, na picha ilitokea ghafla. Mwaka wa 1892 ilikuja karatasi iliyokubali dawa baridi, ambayo ilimpa mchapaji muda wa kuamua. Waliopenda weusi uliopoa waliitumia hiyo; waliotaka rangi ya kahawia walitia zebaki kidogo katika oksaleti.

Mabingwa waliuvamia uvumbuzi huo. Peter Henry Emerson alichapa kwa platinamu kitabu chenye picha 40 za maisha ya wakazi wa Norfolk, naye Frederick Evans akasifika kwa picha za makanisa makuu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, neema hiyo iliingia doa. Platinamu, ambayo kwa kiasi kikubwa ilitoka Urusi, ilihitajika katika utengenezaji wa asidi za baruti, na bei yake ikaipita ya dhahabu mara kadhaa. Willis, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, hakukata tamaa. Mwaka wa 1916 kampuni yake ilileta karatasi ya paladiamu, ndugu wa karibu wa platinamu.

Si wote walioifuata. Evans, aliyezoea platinamu tupu, hatimaye aliacha kupiga picha. Willis aliaga dunia mwaka wa 1923, biashara ya karatasi hizo ikiwa imedidimia.

Hata hivyo, kazi yake haikuzikwa naye. Wachapaji wachache wangali wanapaka karatasi kwa mikono yao, na swali la Willis bado liko mbele yao: watumie dawa gani? Oksaleti ya potasiamu iliyopashwa moto huipa paladiamu rangi ya kahawia yenye joto, lakini ni sumu ikimezwa. Sitreti ya amonia hutoa rangi iliyopoa zaidi.

Nazo picha zilizochapwa enzi za Willis zingali katika majumba ya makumbusho, weusi wake ukiwa haujafifia, ingawa karatasi nyingine zimeanza kugeuka rangi.