Fundi Konde: Mcheza Kwao Hutunzwa, Naye Je?

Juzi nilikuwa kwa kinyozi pale Kongo, Kawangware. Redio ilikuwa ikipiga zilizopendwa, na wateja wawili wakabishana. Mmoja alishikilia kwamba muziki wa gitaa wa Kenya wote umetoka Kongo, ile nchi. Jina la mtaa lenyewe likawa kama ushahidi. Mimi mtoto wa Pwani nilinyamaza, kisha nikajuta. Leo nalipa deni.

Nilipaswa kumtaja Fundi Konde. Alizaliwa mwaka 1924 Mwabayanyundo, katika nchi ya Wagiriama nyuma ya Kilifi. Kijana huyo hakukulia mjini penye madansi, lakini vita vya pili vya dunia vikamtoa kwao. Aliingia jeshi la KAR, katika kikosi cha burudani kilichowatumbuiza askari wa Kiafrika waliopelekwa India na Burma. Wenzake walibeba bunduki, yeye akabeba gitaa.

Tusilione jambo hilo dogo. Jeshi liliwakutanisha vijana wa makabila mbalimbali, na lugha waliyoelewana ilikuwa Kiswahili. Kibera yenyewe ilianza kama makazi ya askari wa Kinubi wa KAR. Kwa hivyo askari waliporudi Nairobi baada ya vita, tayari palikuwa na watu wa kuimbiwa Kiswahili, na Konde akawa miongoni mwa waliowaimbia.

Kuanzia mwaka 1947 alirekodi santuri nyingi, akishirikiana na Peter Colmore, mzungu wa Nairobi aliyekuwa na bendi na biashara ya matangazo. Hutajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la stima katika santuri. Aliimba mapenzi katika Tausi. Katika Majengo Siendi Tena aliimba mambo ya mitaani, na katika Jambo Sigara akaipamba hata sigara. Maneno yake ni mepesi, sauti yake tulivu. Haimpigii mtu kelele, inamnong'oneza.

Je, yule mteja alikosea? Nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walifika Nairobi mafundi wawili kutoka Katanga, Mwenda Jean-Bosco na Edouard Masengo. Bosco alilicharaza gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada, ukadhani wanapiga watu wawili. Vijana wa Kenya waliwaiga, nasi tuseme ahsante. Lakini kufikia hapo Konde alikuwa na zaidi ya miaka kumi akirekodi. Tena rumba ya Wakongo nao ilitokana kwa sehemu kubwa na santuri za Kuba, zilizouzwa Afrika tangu miaka ya 1930. Santuri hizo hizo zilisikika kwetu pia. Basi tusiseme mmoja ni baba na mwingine mtoto. Ni ndugu waliokunywa kisima kimoja.

Baadaye gitaa lilipata mabingwa wengine, na wimbi jipya likamfunika mzee wetu. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ya London ilikusanya nyimbo zake za mwaka 1947 hadi 1956 na kuzitoa upya. Alifariki mwaka 2000.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Wageni ndio waliozitafuta santuri zake na kuzifuta vumbi. Sisi tuliokaa karibu na kaburi la historia yake tuliacha zipotee, moja kuvunjika, nyingine kutupwa na wajukuu wasiojua walichoshika. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Konde alicheza kwao na ugenini, na kwao hakutunzwa ipasavyo.

Ombi langu si kubwa. Ukiwa na babu au nyanya aliyecheza dansi zama hizo, kaa naye jioni moja umuulize, uandike majina ya nyimbo. Ukiwa na santuri ya zamani, usiitupe. Walimu wetu wa muziki huku Pwani nao wamtaje Konde darasani. Mimi nitarudi kwa yule kinyozi pale Kongo, na safari hii sitanyamaza.