Bwana Richard St. Barbe Baker na Watu wa Miti

Jina la Bwana Richard St. Barbe Baker si geni kwa wakaao karibu na Muguga, lakini vijana wengi hawajui alikuwa nani wala alifanya nini kwetu.

Alizaliwa Hampshire, Uingereza, tarehe 9 Oktoba 1889. Baba yake alikuza miche ya miti, naye akaizoea kazi hiyo tangu utotoni. Alipokuwa kijana alikwenda Kanada, akasoma katika jimbo la Saskatchewan na kufanya kazi ya kukata magogo. Huko aliona mbuga zikilimwa ovyo hata udongo ukapeperushwa na upepo. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, ambamo alijeruhiwa, alisoma elimu ya misitu Cambridge, na mwaka wa 1920 akaja Kenya kuwa ofisa wa misitu.

Kazi aliyoikuta haikuwa nyepesi. Miti ya kale ilikuwa ikianguka kwa shoka na moto, na mahali pake pakabaki pakavu. Tena ni lazima tuseme kweli: misitu ilikuwa imetwaliwa na Serikali ya kikoloni, na Bwana huyu alikuwa mtumishi wa Serikali iyo hiyo. Wazee walikuwa na haki ya kumtilia shaka. Alipowataka wapande miti, walimjibu kwamba hiyo ni kazi ya Mungu, kwa kuwa mti mkongwe huangusha mbegu zake wenyewe. Lakini miti mikongwe ndiyo iliyokuwa ikikatwa.

Mwingine angeleta amri na faini. Yeye alitazama desturi. Aliona kwamba Wakikuyu walikuwa na ngoma ya kupanda maharagwe na ngoma ya mavuno, lakini ngoma ya miti haikuwapo. Akashauriana na Chifu Josiah Njonjo, na tarehe 22 Julai 1922 ngoma hiyo ikachezwa. Kwa hesabu yake mwenyewe walikuja vijana 3,000, wakachaguliwa 50 wa kwanza. Waliahidi mbele ya Mungu kuilinda misitu ya asili, kupanda miche 10 kila mwaka, na kuitunza miti popote ilipo. Wakaitwa Watu wa Miti. Kwa maoni yetu sifa ya siku ile ni ya Chifu Njonjo sawasawa na ya Bwana Baker, kwani mgeni hawezi kuwaita vijana wa watu ngomani wakaja kwa ajili yake peke yake.

Baadaye alihamia Nijeria. Chama alichokianzisha kilienea Uingereza na nchi nyingine, na leo huitwa International Tree Foundation. Aliitetea miti mikubwa ya California, na mwaka wa 1952 akaanza safari ya kuvuka Sahara ili aone jinsi jangwa linavyoila ardhi.

Ahadi ile ya kutunza miti popote haikuwa ya porini tu. Mwaka wa 1972 mji wa Saskatoon, katika jimbo lile lile alikosomea, ulipanda miti pembezoni mwake, na sehemu moja ikapewa jina lake. Juni 1982, akiwa mzee wa miaka 92, alipanda mti wake wa mwisho katika chuo kikuu cha mji huo. Alifariki siku chache baadaye, tarehe 9, akazikwa huko huko.