Amon Bazira: Naibu waziri aliyezima vita vya Rwenzori, kisha akaviwasha upya

Kutoka soko la Mpondwe hadi Kasindi ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mto Lhubiriha ndio mpaka, na daraja lake ndilo mlango. Upande wa Uganda wapo Wakonzo, upande wa Congo wapo Wanande, na lugha zao zimekaribiana kiasi kwamba mnunuzi na muuzaji huelewana bila mkalimani. Mafuta ya mawese na mbao huja huku. Chumvi, saruji na bidhaa za dukani huenda kule.

Hata hivyo, mfanyabiashara wa Bwera anajua kwamba mpaka huu haufuati mtoni tu. Hufuata pia habari za usalama. Likitajwa jina la ADF upande wa Beni, madereva husita, mizigo hulala, na bei hupanda. Nyuma ya jina hilo kuna jina la zamani zaidi, NALU, na nyuma ya NALU kuna mtu mmoja: Amon Bazira, Mkonzo wa Kasese, aliyewahi kuwa naibu waziri wa ardhi wa Uganda. Mwezi Agosti 1993 aliuawa nchini Kenya.

Wengi humkumbuka kwa upande mmoja tu wa maisha yake. Kuna wanaomtaja kama mpatanishi, na kuna wanaomtaja kama mwasi. Alikuwa vyote viwili, na mfanyabiashara wa mpaka alionja matunda ya kazi zake zote mbili.

Swali lililopanda mlimani

Ili kumwelewa Bazira ni lazima kurudi mwaka 1962. Wakati Uganda ikijiandaa kwa uhuru, Wakonzo na Waamba waliishi chini ya ufalme wa Toro. Wawakilishi wao katika Rukurato, baraza la Toro, walitaka watambuliwe katika katiba mpya ya ufalme huo. Walilalamika kwamba walilipa kodi kama wengine, lakini shule, vyeo na huduma viliishia Fort Portal. Madai yao yalipokataliwa, walitoka barazani. Kiongozi wao, mwalimu Isaya Mukirane, alipanda mlimani na kuanzisha dola ya Rwenzururu. Alifia huko mwaka 1966, na mwanawe Charles Wesley Mumbere akarithi kiti akiwa bado mvulana.

Ugomvi ulianza kama hoja barazani kuhusu kodi, madaraka na sheria. Hoja ilipokosa jibu ikageuka vita vilivyodumu miaka 20.

Mwaka 1974 serikali ya Idi Amin ilikata eneo hilo kutoka Toro na kuunda wilaya mbili, ambazo leo ni Kasese na Bundibugyo. Hatua hiyo ilijibu sehemu ya swali, lakini haikuwashusha watu wa mlimani. Amin alipoanguka mwaka 1979, askari wake waliokimbia waliacha silaha nyingi njiani, na Rwenzururu ikapata nguvu kuliko wakati wowote uliotangulia.

Kahawa usiku, chumvi mchana

Nguvu hiyo haikutoka kwenye bunduki peke yake. Ilitoka pia kwenye kahawa. Wakati huo mkulima wa Uganda alitakiwa kuuza kahawa yake kupitia bodi ya serikali, kwa bei ndogo na kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani kila mwezi. Ng'ambo ya mlima, Zaire, palikuwa na mnunuzi mwenye bei nzuri na bidhaa zilizoadimika Kampala. Gunia lilibebwa kichwani usiku kwa njia za miguu. Serikali iliita magendo. Kwa familia nyingi za mlimani ilikuwa ndiyo karo ya shule na bati la nyumba.

Kasese yenyewe haikuwa maskini wa mali. Reli ilifika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Kulikuwa na chumvi ya Katwe na saruji ya Hima. Lakini kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 uchimbaji wa Kilembe ulikuwa umefika ukingoni, na kijana wa Kasese alibaki akitazama mlima na mpaka.

Bazira alilijua jambo hili kwa ndani. Alikuwa msomi, mwanachama wa UPC, na baada ya kuanguka kwa Amin alishika nafasi ya juu katika idara ya ujasusi ya Uganda. Mtu wa ujasusi hukusanya habari za nani ana bunduki ngapi. Kama mwenyeji, yeye aliongeza swali la pili: kwa nini wenye bunduki hizo wanalishwa na wanakijiji bila kulazimishwa?

Mapatano ya 1982

Serikali ya Milton Obote iliyorudi madarakani mwishoni mwa 1980 ilikuwa na vita vya kutosha Luwero. Haikutaka vingine magharibi. Bazira akawa daraja kati ya Kampala na Mumbere. Hakupeleka vikosi, alipeleka maneno, na maneno hayo yalikuwa na hesabu ndani yake.

Masharti yaliyofikiwa yalikuwa ya watu wanaojua biashara. Wakonzo na Waamba wangepewa nafasi katika utawala wa wilaya zao na uhuru kiasi wa kuendesha mambo yao. Wazee wa Rwenzururu wangepewa magari na nafasi za masomo wawagawie watu wao. Mumbere naye angepata ufadhili wa kwenda kusoma Marekani. Kwa upande wao, wangeacha dai la kuwa nchi huru.

Mwezi Agosti 1982, mjini Kasese, Mumbere alishuka na watu wake wakakabidhi silaha. Kwa mfanyabiashara maana yake ilikuwa wazi: barabara zilipitika, na aliyekuwa akilipa kodi mlimani na nyingine bondeni sasa alidaiwa na serikali moja.

Katika serikali hiyo Bazira alikuwa naibu waziri wa ardhi. Kwa utaratibu wa bunge ambao Uganda iliurithi kutoka Uingereza, kazi ya waziri na naibu wake ni pamoja na kusimama na kujibu hoja za wabunge: ardhi ni ya nani, nani atafidiwa, sheria inasemaje. Katika Kasese maswali hayo hayakuwa ya karatasi tu. Sehemu kubwa ya wilaya ni hifadhi ya wanyama, wafugaji na wakulima wanagombea tambarare, na watu wa mlimani hawana pa kupanuka. Mtu aliyemaliza vita kwa kujibu swali la uchumi alikuwa amekaa hasa mahali ambapo maswali ya namna hiyo hujibiwa.

Udhaifu wa mapatano ya 1982 ni kwamba yalisimama juu ya watu, hayakusimama juu ya sheria. Ufalme wa Rwenzururu haukutambuliwa na katiba. Magari huchakaa, na vyeo hugawiwa na serikali iliyopo. Serikali ilipoondoka, waliobaki hawakuwa na cha kushika.

Kutoka ofisini hadi msituni

Obote alipinduliwa Julai 1985. Januari 1986 Yoweri Museveni akaingia Kampala. Bazira akapoteza cheo na nchi, akaishi uhamishoni. Mwaka 1988 aliunda NALU, Jeshi la Kitaifa la Ukombozi wa Uganda, akiwakusanya baadhi ya wapiganaji wa zamani wa Rwenzururu. Wanahistoria wengi hueleza kwamba alipata msaada wa Mobutu Sese Seko wa Zaire na urafiki wa serikali ya Kenya ya wakati huo, kwa kuwa nchi zote mbili hazikuelewana na Kampala.

Hapo ndipo maisha yake yanapogeuka. Malalamiko ya Wakonzo yalikuwa ya kweli, na yeye aliyafahamu kuliko waziri mwingine yeyote. Lakini safari hii hakuyapeleka mezani. Aliyapeleka kwa marais jirani waliokuwa na ugomvi wao wenyewe na Uganda. Njia za miguu zilizopitisha kahawa zikaanza kupitisha silaha, na mchuuzi aliyekutwa njiani usiku akawa mshukiwa wa pande zote mbili.

Agosti 1993 Bazira aliuawa kwa risasi kwenye barabara ya Nairobi kwenda Nakuru. Katika miezi hiyohiyo Uganda ilikuwa ikirudisha falme zake za jadi kwa sheria, Toro ikiwamo. Rwenzururu haikuwamo. Ingesubiri hadi mwaka 2009.

Deni lililobaki mpakani

Kifo chake hakikuimaliza NALU. Katikati ya miaka ya 1990 mabaki yake yaliungana huko Zaire na kundi lingine la waasi wa Uganda lenye msimamo mkali wa dini, likazaliwa ADF. Novemba 1996 wapiganaji wake walivuka na kushambulia Mpondwe na Bwera, na maelfu ya wakazi wakakimbia. Kundi hilo baadaye lilibadilika hadi halifanani tena na madai ya Wakonzo wala na siasa za Bazira. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 liliua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, karibu kabisa na mpaka.

Miaka miwili kabla, mwezi huohuo, marais wa Uganda na Congo walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara, ikiwamo ile ya Kasindi hadi Beni. Mwaka 2022 Congo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lami na mikataba ni jibu kwa mchuuzi aliyekuwa akibeba gunia usiku, ila ni jibu la nusu ikiwa madai ya wanaoishi kando ya barabara hiyo hayasikilizwi mahali panapohusika, katika mabaraza na bungeni, na kuandikwa katika sheria isiyoondoka na waziri.

Mwaka 1982 Bazira alionyesha kwamba bunduki za Rwenzori zinaweza kushuka kwa mazungumzo kuhusu shule, vyeo na magari. Miaka sita baadaye aliamua kusahau somo lake mwenyewe. Mpaka wa Mpondwe bado unalipa.